Mirija ndani ya tanuri au moto ndani ya chombo: reakta ipi kwa gesi asilia?

Mpwa wangu alikuja likizo Ujiji na karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa kemikali, na amepewa kazi ya kusanifu mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa kitu chenye soko: mbolea, methanoli au dizeli, achague mwenyewe. Karatasi ilikuwa na michoro mitatu, na chini ya kila mchoro ameandika jina la kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Baada ya shikamoo na habari za safari akaitandaza mkekani. "Mjomba, nimekwama. Nikeli inasifiwa, rodiamu inasifiwa, kobalti inasifiwa. Nishike ipi?"

Nikamwambia aache kwanza vichocheo, tutoke nje. Uani dada yangu, yaani mama yake, alikuwa anachemsha chikichi kwenye pipa juu ya mafiga, tayari kwa kukamua mawese. Chikichi za chini zilikuwa zinatokota, za juu ukizibonyeza bado ngumu. Dada alikuwa amefunika pipa kwa gunia na kuvuta kuni mbili nje, maana akizidisha moto, za chini zitaungua kabla za juu hazijaiva. Joto lote linapita kwenye bati la pipa, na bati lina kikomo chake. Sasa fikiria tanuri la mkaa, lile lundo la magogo lililofunikwa kwa majani na udongo ambalo kila mtu wa Kigoma na Tabora amepita karibu nalo. Pale hakuna moto nje. Sehemu ya magogo inaungua mle mle ndani, na joto lake ndilo linaloivisha magogo mengine kuwa mkaa. Kazi kubwa ya mchomaji ni kuchunga matundu ya hewa.

Reakta, yaani vyombo ambamo mmenyuko unafanyika, zinazoshindana kwenye karatasi ya mpwa wangu ni hizo mbili, pipa na tanuri la mkaa. Nimeyaandika tuliyoongea jioni ile kwa sababu wapo wengi wanaoanza kuchagua reakta kwa jina la kichocheo, na mimi naona wameanzia mwisho. Anza na joto: litaingiaje, au litatokaje. Kichocheo kitafuata.

Kwa nini tunazunguka

Methani ni ngumu kuivunja. Kaboni moja imeshikwa na haidrojeni nne, na ukiilazimisha kwa oksijeni moja kwa moja, kile unachokitaka huungua upesi kuliko methani yenyewe. Ndiyo maana viwanda vikubwa vinapita njia ya kuzunguka. Kwanza methani inageuzwa kuwa gesi sanisi, yaani mchanganyiko wa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Halafu gesi hiyo inaunganishwa upya kuwa amonia, methanoli au mafuta. Katika viwanda vya kutengeneza dizeli kutokana na gesi, hatua ya gesi sanisi peke yake inaweza kumeza nusu ya fedha ya ujenzi. Kwa hiyo ukikosea hapo, hutaokolewa na kichocheo chochote huko mbele.

Pipa juu ya mafiga

Njia ya kwanza ni methani kukutana na mvuke juu ya nikeli. Kila moli moja ya methani (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli) inadai kilojuli 206 za joto, na inakupa moli tatu za haidrojeni kwa moja ya kaboni monoksaidi. Nikeli inapakwa kwenye vipande vya kauri, na vipande vinajazwa kwenye mirija yenye urefu wa mita 10 hadi 13 na kipenyo cha kama sentimita 10. Mamia ya mirija hiyo yananing'inizwa ndani ya tanuri kubwa lenye vichomeo. Gesi inaingia ikiwa na nyuzi kama 500 na kutoka ikiwa na nyuzi 800 hadi 900, kwa mgandamizo wa baa 20 hadi 30 au zaidi (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida).

Jambo ambalo vitabu hulitaja haraka mno ni kwamba hapa kichocheo hakina tatizo la kasi. Nikeli inafanya kazi upesi kuliko gesi inavyoweza kupenya ndani ya kipande chake, kiasi kwamba ni ganda jembamba la nje tu linalotumika, na kiini cha kipande kinakaa bure. Ndiyo sababu vipande hivyo vinatobolewa matundu manne, saba au kumi: kuongeza uso wa nje na kuipa gesi njia ya kupita bila kusukumana. Kinachobana ni ukuta wa mrija. Joto linapaswa kupenya chuma cha aloi ya kromi na nikeli kilicho karibu na mwisho wa uwezo wake. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukuta ukizidi joto lake kwa nyuzi kama 20, umri wa mrija unakatika nusu. Na kati ya joto lote unalochoma, karibu nusu tu ndiyo inayoingia kwenye mmenyuko. Nyingine inatoka na moshi, nawe inabidi uikamate kwa kutengenezea mvuke.

Nilifanya kazi miaka michache kwenye kiwanda kimoja cha amonia nje ya nchi. Kila zamu tulikuwa tunavaa miwani ya buluu na kuchungulia tanuri kupitia tundu dogo la ukutani. Mirija ikiwa na afya yote ina rangi moja, wekundu ulioiva. Alfajiri moja nikaona mmoja una mkanda wa njano inayowaka, upana wake kama kiganja, theluthi moja kutoka juu. Kufika saa nne mikanda ilikuwa imeonekana kwenye mirija kumi na mmoja.

Sababu haikuwa ndani ya tanuri. Ilikuwa mita hamsini nyuma, kwenye chombo cha oksidi ya zinki kinachokamata salfa kabla gesi haijafika kwenye nikeli. Tarehe yake ya kubadilishwa ilikuwa imepita, na wakubwa waliamua isogezwe mbele hadi matengenezo ya mwaka. Salfa ikapenya na kuilemaza nikeli ya juu. Pale nikeli ilipokufa mmenyuko ukasimama, joto likakosa wa kulila, methani ikaanza kujipasua yenyewe na kuacha masizi, na masizi yakaziba njia. Mrija mmoja ulipasuka usiku uliofuata. Hakuna aliyeumia, lakini nilikuwa nimesimama kwenye tundu lile dakika chache kabla, na hadi leo nikiona mchoro wa mtambo natafuta kwanza kile chombo cha zinki.

Tanuri la mkaa

Njia ya pili inaweka moto ndani. Ni chombo kimoja cha chuma kilichojengewa matofali ya kuhimili moto. Juu kuna kichomeo kinachoingiza gesi, mvuke na oksijeni, chini kuna tabaka la nikeli. Sehemu ya methani inaungua, na joto lake linavunja iliyobaki. Gesi inatoka ikiwa na nyuzi 950 hadi 1,050, na uwiano wa haidrojeni kwa kaboni monoksaidi ni karibu mbili kwa moja. Ukuta wa chuma hauna kazi ya kupitisha joto, kwa hiyo unaweza kukaa baridi nyuma ya matofali, na mgandamizo unaweza kupanda kuliko kwenye mirija.

Gharama yake imejificha kwenye neno "oksijeni". Kila moli moja ya methani inataka zaidi ya nusu moli ya oksijeni, na ukitumia hewa ya kawaida utabeba nitrojeni nyingi isiyo na kazi hadi mwisho wa kiwanda. Kwa hiyo unajenga mtambo wa kupoza hewa hadi iwe kimiminika na kuitenganisha, ambao nao ni kiwanda. Disemba 1997 mtambo wa namna hiyo ulilipuka huko Bintulu, Malaysia, kwenye kiwanda cha kugeuza gesi kuwa mafuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba chembe za moshi wa misitu iliyokuwa inaungua zilivutwa pamoja na hewa na kujikusanya kwenye oksijeni ya kimiminika. Anayeijua Kigoma ya mwezi wa nane, jinsi moto wa nyika unavyoweka ukungu hadi milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa isionekane, atajua kwa nini nilimwambia mpwa wangu aweke vichujio vya hewa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

| | Mirija na mvuke | Moto ndani ya chombo |
|---|---|---|
| Joto linatoka | Nje, kupitia ukuta wa mrija | Ndani, kwa kuchoma sehemu ya gesi |
| Gesi ikitoka | Nyuzi 800–900 | Nyuzi 950–1,050 |
| Haidrojeni kwa kaboni monoksaidi | 3 kwa 1 au zaidi | Karibu 2 kwa 1 |
| Oksijeni safi | Haihitajiki | Lazima |
| Kiwanda kikikua | Unaongeza mirija | Unapanua chombo kilekile |
| Cha kuchungwa | Rangi ya mirija | Kichomeo na mtambo wa oksijeni |

Mstari wa tano ndio unaoamua mara nyingi. Gharama ya vyombo kwa kawaida hupanda polepole kuliko uwezo wake: chombo cha uwezo maradufu hugharimu kama mara moja na nusu. Mirija haina bahati hiyo, kwani mirija mia nne inakaribia bei ya mirija mia mbili mara mbili. Kwa hiyo kiwanda kidogo au cha kati kinapendelea mirija, maana kinakwepa mtambo wa oksijeni. Kiwanda kikubwa sana cha methanoli au mafuta kinapendelea chombo chenye moto.

Ukitaka mbolea, usichague moja

Hapa mpwa wangu alishangaa, na kwangu ndipo uzuri wa usanifu ulipo. Amonia ni nitrojeni moja na haidrojeni tatu. Nitrojeni ile tuliyokuwa tunaikimbia sasa ndiyo tunayoitaka. Viwanda vya amonia huanza na mirija, lakini haviilazimishi imalize kazi. Gesi inatoka kwenye mirija ikiwa na methani kama asilimia 10 isiyovunjika, inaingia kwenye chombo cha pili cha matofali, na humo inapulizwa hewa ya kawaida. Oksijeni ya hewa inachoma sehemu ndogo, joto linapanda, methani inashuka hadi chini ya asilimia moja, na nitrojeni inaachwa kwa kipimo kinachofaa amonia. Hakuna mtambo wa oksijeni, na mirija inapumzika maana haidaiwi nyuzi za mwisho zinazoiua.

Baada ya hapo kaboni monoksaidi inageuzwa kwa mvuke kuwa hewa ukaa, hewa ukaa inaondolewa, na amonia inaundwa juu ya chuma kwa nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo wa baa mia moja na zaidi, njia ambayo kiwandani ilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Ile hewa ukaa iliyoondolewa inarudishwa kukutana na amonia, na zao lake ni yurea, mbolea ile ile inayouzwa kwa mifuko Kasulu na Kibondo.

Hatua ya pili: joto linatoka

Hapa mambo yanageuka. Kuunganisha gesi sanisi kunatoa joto, na kazi yako ni kulitoa haraka. Fikiria ndizi zilizovundikwa shimoni: zinajipasha zenyewe, na za katikati huiva kupita kiasi kama lundo ni kubwa mno.

Kwa methanoli kichocheo ni shaba na oksidi ya zinki juu ya alumina (oksidi ya alumini), nyuzi 220 hadi 280, baa 50 hadi 100. Shaba ikipita nyuzi 300 chembe zake zinaungana na uso wa kazi unapotea, haurudi tena ulivyokuwa. Unaweza kugawa kichocheo kwenye matabaka na kupuliza gesi baridi katikati, au kukiweka kwenye mirija iliyozamishwa kwenye maji yanayochemka. Mimi nachagua maji bila kusita. Maji yanayochemka chini ya mgandamizo uliopangwa hayabadilishi joto lake hata mmenyuko ukichachamaa. Yanachemka zaidi tu, na mvuke wake unautumia kwingine.

Kwa dizeli na nta, yaani mmenyuko wa wanakemia Fischer na Tropsch wa miaka ya 1920, joto ni kali zaidi, karibu kilojuli 165 kwa kila moli ya kaboni monoksaidi. Kobalti inataka nyuzi 200 hadi 240. Ikizidi, badala ya dizeli unarudi kwenye methani uliyoanza nayo, na hiyo ni hasara ya kusikitisha. Kuna wanaotumia maelfu ya mirija myembamba iliyozungukwa na maji, kama kiwanda cha Bintulu tangu 1993 na kile cha Pearl huko Qatar tangu 2011. Wengine, kama Oryx, pia Qatar, wanaelekeza gesi ipande kama mapovu ndani ya nta ya moto yenye unga wa kichocheo ukielea kama unga kwenye uji. Uji huo unatoa joto vizuri ajabu na unaweza kuongezewa kichocheo kipya bila kuzima mtambo. Lakini kuchuja unga laini kutoka kwenye nta ni kazi ya kuumiza kichwa, na salfa ikipenya inakigusa kichocheo chote kwa pamoja. Kwenye mirija, salfa inaua tabaka la juu, la chini linaendelea. Tena mrija mmoja ukishaujaribu ukafanya kazi, elfu kumi ni kurudia uleule, wakati mapovu kwenye chombo cha upana wa mita kadhaa hayafanyi kama yalivyofanya kwenye chombo cha maabara. Kwa nchi inayojenga cha kwanza, ningeanza na mirija.

Njia za mkato

Mchoro wa tatu wa mpwa wangu ulikuwa wa kuunganisha methani moja kwa moja kuwa ethilini, malighafi ya plastiki, kwa oksijeni, wazo lililoanza kuchunguzwa mwaka 1982. Ni wazo zuri na bado linafanyiwa kazi, ila kila ukiongeza methani inayobadilika, sehemu kubwa zaidi inaungua kuwa hewa ukaa, na mavuno kwa mpito mmoja yamekuwa yakigota karibu na robo. Kuna pia kuigeuza kuwa benzini bila oksijeni, juu ya molibdenamu. Kwa nyuzi 700 maumbile yenyewe yanaruhusu kama asilimia 12 tu ibadilike, na masizi yanafunika kichocheo kwa saa chache. Kwa utafiti wa maabara, shika mojawapo. Kwa mtambo unaotaka uuze mzigo, ziache.

Gesi gani, wapi

Gesi ya Tanzania iko pwani. Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Ya Songo Songo ni methani kwa zaidi ya asilimia 95, kwa hiyo kazi ya kuisafisha ni nyepesi. Kigoma iko mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Kuileta gesi huku kuja kutengeneza yurea hakuna hesabu. Yurea ipande treni.

"Na gesi ya mawese je, mjomba?" akauliza. Alikuwa na maana ya maji machafu ya kukamulia mawese, ambayo yakiozeshwa kwenye shimo lililofunikwa yanatoa gesi yenye methani kama asilimia 60 na hewa ukaa iliyobaki. Swali lake lina maana kikemia. Methani tatu, hewa ukaa moja na mvuke mbili zinatoa haidrojeni mbili kamili kwa kaboni monoksaidi moja, uwiano unaofaa methanoli. Gesi ya shimo ina hewa ukaa kupita kipimo hicho, na salfa yake unaitambua kwa harufu ya yai viza, lakini vyote viwili vinapunguzika.

Tukapiga hesabu. Shimo linalotoa mita za ujazo 100 kwa siku lina methani mita 60. Kiwanda kikubwa chenye ufanisi kinatumia karibu mita 1,000 kwa tani moja ya methanoli, kwa hiyo hata ungekuwa na ufanisi huohuo, ambao hutaupata kwa udogo huu, utapata kilo 60 za methanoli kwa siku. Na bado unahitaji kompresa ya baa 50, mtambo wa mvuke na fundi wa zamu. Methani hiyohiyo ukiichoma jikoni ina nishati ya zaidi ya kilo 130 za kuni, kabla hujahesabu kwamba mafiga hupoteza sehemu kubwa ya moto wake hewani. Majirani zetu Rwanda wana methani nyingi sana iliyoyeyuka kwenye kilindi cha Ziwa Kivu, na wameielekeza kwenye umeme, kama mtambo wa KivuWatt wa megawati 26. Kwa gesi ya shimo la mawese ushauri wangu ni mmoja: usijenge reakta. Peleka bomba chini ya pipa la mama yako.

Akachagua yurea, kiwanda kiwe pwani: mirija kwanza, kisha chombo cha hewa. Ile michoro mitatu akaipindua, akaanza upya nyuma ya karatasi, na kitu cha kwanza alichochora mkono wa kushoto, kabla ya tanuri na mirija, ni vyombo viwili vya oksidi ya zinki vilivyofuatana, vyenye vali za kukitenga kimoja kikabadilishwa huku kingine kikiendelea, na sehemu ya kuchukulia gesi kupima salfa katikati yao.